Kutoka Kichwa hadi Wima: Historia ya Istilahi ya Pembe Mkabala na Ushahidi wa Ngoro za Umatengo

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia historia ya jina la pembe mbili zinazotazamana pale mistari miwili inapokatana. Yanaonesha kuwa neno la Kiingereza linalozitaja limepoteza maana yake ya awali, na kwamba kulitafsiri kwa neno "wima" ni kuhamishia kosa hilo katika Kiswahili. Kwa kutumia kilimo cha ngoro cha Mbinga na wavu wa mvuvi wa Ziwa Nyasa, makala yanatetea istilahi "pembe mkabala".

1.0 Utangulizi
Mistari miwili sambamba ikikatwa na mstari mmoja unaokingama, hutokea pembe nane, nne katika kila makutano. Katika kila makutano mna jozi mbili za pembe zinazotazamana, na pembe za jozi moja huwa sawa. Sababu yake ni nyepesi: pembe ya kwanza na jirani yake hufanya nyuzi 180, na jirani huyo pamoja na pembe ya tatu hufanya nyuzi 180 pia, kwa hiyo ya kwanza na ya tatu hazina budi kulingana. Hoja hiyo haihitaji usambamba. Usambamba huhitajika tu pale tunapotaka kusema kwamba pembe za makutano ya juu zinalingana na zile za makutano ya chini. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo haya mawili hudhani kuwa pembe zinazotazamana ni sawa kwa sababu mistari ni sambamba. Tutaona kwamba jina lisilofaa humwongezea utata huo.

2.0 Safari ya jina
Proclus, aliyeishi katika karne ya 5, anamnukuu Eudemus kuwa Thales wa Mileto ndiye aliyegundua ulinganifu wa pembe hizi, na kwamba uthibitisho wa kitaalamu ulikuja na Euclid. Katika kitabu cha kwanza cha Euclid, hoja hiyo ni ya 15, ilhali kanuni ya mistari sambamba inatumika kwa mara ya kwanza katika hoja ya 29. Mpangilio huo wenyewe unathibitisha tuliyoyasema hapo juu.

Wayunani waliziita pembe hizi kwa neno lenye maana ya kilele. Waarabu walizieleza kuwa pembe zinazokabiliana kwa kichwa. Wajerumani nao hutumia neno *Scheitel*, yaani utosi. Kilatini kilikuwa na *vertex*, neno lililotaja utosi na kilele, na kutokana nalo Kiingereza kikapata *vertical*. Baadaye neno hilo likazoeleka kwa maana ya kilichosimama wima, na uhusiano wake na kichwa ukasahaulika. Hivyo pembe zilizoitwa "za kichwani" zikaonekana kama "pembe za wima", ingawa zinaweza kulala upande wowote.

3.0 Kiswahili na chaguo la istilahi
Usanifishaji wa Kiswahili, uliowekewa msingi katika mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuendelezwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia 1930, ulirithi maneno ya kawaida yenye uwezo wa kubeba jiometri. "Pembe" ni ya mnyama, ni ya nyumba na ni ya umbo. "Sambamba" ni hali ya watu wawili kwenda bega kwa bega. "Kukingama" ni kulala njiani mwa kingine. Baada ya BAKITA kuundwa mwaka 1967, na Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, haja ya istilahi za hisabati iliongezeka.

Kwa dhana yetu, machaguo manne yanastahili kupimwa. "Pembe wima" linafuata umbo la Kiingereza na kuacha maana. "Pembe za kipeo" linaelekea kwenye kilele, lakini katika hisabati ya shule "kipeo" tayari kinataja kipeo cha namba. "Pembe kinyume" linadokeza kupingana, ilhali pembe hizi zinalingana. "Pembe mkabala" linasema kinachoonekana: kutazamana. Ni kweli kwamba katika maandishi yetu ya kitaaluma "mkabala" pia ni namna ya kuliendea jambo. Lakini likifuata "pembe", utata huo haupo. Neno lenyewe si geni katika hisabati, kwani asili yake ya Kiarabu imo katika jina la kitabu cha aljebra cha al-Khwarizmi cha karne ya 9.

4.0 Ushahidi wa shambani na ziwani
Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, wakulima wamelima kwenye miteremko mikali kwa mfumo wa ngoro, ambao Pike aliuandikia mwaka 1938 katika *Tanganyika Notes and Records*. Nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake huchimba. Mashimo huzuia maji yasiporomoshe udongo, na nyasi zinazooza hurutubisha matuta.

Mahali matuta mawili yanapokatana, mashimo manne hukutana. Mashimo jirani hutenganishwa na tuta moja. Mashimo mkabala hukutana kwenye kona tu. Huo ndio utofauti kamili wa pembe jirani na pembe mkabala. Ufukweni, Mbamba Bay au Liuli, jicho la wavu linafundisha sehemu ya pili: wavu ukivutwa, pembe za jicho hubadilika, lakini kwenye kila fundo zile zinazotazamana hubaki sawa.

Hatudai kwamba mkulima au mvuvi alikuwa na uthibitisho wa Euclid; utendaji na uthibitisho ni mambo mawili. Tunachodai ni kwamba dhana hii ina mahali pa kushikia katika mazingira ya mwanafunzi, na jina lake liongoze huko.

5.0 Hitimisho
Suala hili si la msamiati pekee. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Sera ya Elimu ya 1995 ikabakiza Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Mbinga huingia kidato cha kwanza akiwa na istilahi za Kiswahili na kukutana na *vertical* katika jiometri na fizikia kwa maana mbili tofauti. Akiwa amefundishwa "pembe wima", atazichanganya katika lugha zote mbili. Akiwa amefundishwa "pembe mkabala", atakuwa na dhana iliyo thabiti ya kulipimia neno geni. Waundaji wa istilahi watafsiri dhana, si umbo la neno. Na pale neno la lugha chanzi limepotoka, Kiswahili hakina wajibu wa kupotoka nalo.