Pishi na Mizani: Juu ya Kubadili Ujazo Kuwa Uzito

Katika vipimo vya kale vya pwani ya Afrika Mashariki palikuwa na taratibu mbili zilizokwenda sambamba. Bidhaa za kusafirishwa ng'ambo, kama pembe za ndovu na karafuu, zilipimwa kwa mizani, na hesabu yake ilikuwa ya ratili na frasila. Nafaka ya chakula ilitiwa chomboni. Vibaba 2 vilifanya kisaga, visaga 2 vilifanya pishi, na pishi 60 zilifanya jizla. Tofauti hiyo haionekani katika kitenzi, kwani Kiswahili husema kupima kwa yote mawili. Lakini kibaba hujaa, ilhali frasila hutimia. Methali ya haba na haba isingeweza kutungwa kwa ratili.

Kamusi ya Johnson ya 1939 yaeleza pishi kuwa kipimo cha karibu nusu galoni, kisha yaongeza kuwa uzito wake ni karibu ratili 6. Makadirio hayo mawili hayapatani. Nusu galoni ya Kiingereza ni lita 2.27, na ratili 6 ni kilo 2.72, kitu chenye uzito huo katika ujazo huo ni kizito kuliko maji. Mchele ni mwepesi kuliko maji: lita moja yake ina gramu 800 hivi. Pishi ya mchele iliyosawazishwa ukingoni, basi, ni kama kilo 1.8. Chumvi ndiyo ingeukaribia uzito wa kamusi, na pishi haikuwa kipimo cha chumvi peke yake.

Sehemu ya jibu imo katika lugha yenyewe. Wapwani walitofautisha kibaba cha tele, ambacho nafaka yake hurundikwa hadi ikafanya kichuguu juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, ambacho kinachozidi hufutwa. Asiyetaja ni kipi kati ya hivyo hajataja kipimo. Hata hivyo, kichuguu hicho peke yake ni shida kuziba pengo lote. Yamkini ratili 6 ilikuwa hesabu ya wafanyabiashara: frasila ilihesabiwa kuwa ratili 35 au 36, na ikigawanywa kwa pishi 6 hesabu huja sawa. Ikiwa ndivyo, tarakimu ya daftari iliingia kamusini kana kwamba imetoka mizanini.

Jambo hili haliwahusu wanakamusi tu. Pishi ndilo neno linalotumiwa kufasiri saa ya Kiarabu katika mafundisho ya zaka ya fitri: vibaba 4 kwa mudi 4, na mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Kilichotajwa katika hadithi ni ujazo wa tende au wa shayiri. Leo mtoaji hununua mchele kwa kilo, na hapana budi atajiwe uzito. Ndipo makadirio yanapoachana, mengine yakiwa chini ya kilo 2.5 na mengine yakifikia kilo 3. Mfasiri anayeandika kilo 2.72 kwa kutegemea kamusi ameingia katika hitilafu hiyo bila kujijua.

Jikoni nako mna mtego wake. Mpishi asemaye kibaba kimoja cha mchele kwa viwili vya maji ametaja uwiano wa ujazo. Ukiandikwa kilo moja kwa kilo mbili, uwiano umebadilika: kilo ya mchele hujaza lita 1.25, na maji yaliyokuwa maradufu yamekuwa mara 1.6 tu. Wali utakuwa mkavu, na lawama itamwangukia mpishi badala ya mhariri.

Ujazo, hata hivyo, haukuondoka sokoni baada ya kilo kuwa kipimo cha kisheria. Gorogoro la masoko ya Kenya lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia ya kilo 2. Yalipokwisha mafuta, uzito ulioandikwa ubavuni ulibaki jina tu, na kopo likawa chombo cha ujazo wa mahindi na maharagwe. Nalo pia hujazwa kwa tele au kwa mfuto, kadiri muuzaji na mnunuzi wanavyofahamiana.