Kula kiapo

Kwa Kiswahili kiapo huliwa, na kitenzi hicho si pambo. Zamani neno kiapo lilitaja pia jaribio la kumbaini mwenye hatia. Huku Ufipa watuhumiwa wa uchawi walinyweshwa sumu ya mwavi. Aliyetapika akahesabiwa safi. Kiapo kiliingia tumboni na hukumu ikatokea humo humo.

Siku hizi kinaishia mdomoni. Sokoni Sumbawanga "haki ya Mungu" hutangulia debe la maharage, na (nisamehewe na wauzaji waaminifu) hukazwa zaidi debe linapopungua.

Wamisionari wa Afrika, waliokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, walihubiri Injili ambayo haina subira na mchezo huo. Katika Mathayo 5 Yesu anakataza kuapa kabisa: anayesema ndiyo, amaanishe ndiyo. Sura ya 23 ni kali zaidi. Walikuwapo walimu waliofundisha kwamba aliyeapa kwa hekalu hafungwi, ila aliyeapa kwa dhahabu ya hekalu. Yaani kiapo kilichotungwa kikiwa na mlango wa nyuma! Unafiki wa namna hiyo unahitaji akili nyingi.

Nadhiri ni jambo jingine, ingawa magazeti huvichanganya. Sista anapoahidi useja, ufukara na utii, anampa Mungu ahadi; mwenye kuapa humwita Mungu awe shahidi tu. Na yule anayesema "nife papa hapa" ameshavuka kuapa. Huyo amejiapiza.