SOMO LA HISTORIA: VYOMBO VYA MPIGA MBIZI

Somo letu la leo linatokana na swali. Kijana mmoja wa Kipawa, Dar es Salaam, amepata cheti chake cha kwanza cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Akiba yake haitoshi kununua vyombo vyote, naye anauliza: "Mwalimu, nianze na kipi? Rafiki zangu wanasema ninunue mtungi kwanza, maana bila hewa hakuna mbizi."

Shauri hilo laonekana kuwa la busara. Lakini na tuiulize historia, kwa sababu karibu kila chombo cha mpiga mbizi kilizaliwa baada ya mtu kudhurika.

Zamani watu walizama kwa pumzi zao tu. Wapiga mbizi wa lulu katika Ghuba walishuka kwa uzito wa jiwe, wakiwa na kibanio puani na kamba ya kuwavuta juu. Adui wao wa kwanza alikuwa mgandamizo wa maji. Ukishuka mita 10, mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyofungiwa mahali hupungua ikawa nusu. Basi mtu akivaa miwani ya kuogelea inayofunika macho peke yake, hewa iliyo ndani husinyaa na miwani huyafyonza macho hata yakavilia damu. Ndiyo sababu miwani ya mbizi hufunika pua pia: mpiga mbizi hupuliza hewa kidogo puani, na mambo yakawa sawa.

Adui wa pili alikuwa upungufu wa hewa. Mnamo mwaka 1837 Augustus Siebe, fundi Mjerumani aliyekaa London, alikamilisha vazi lililofungwa kabisa, lenye kofia ya shaba. Hewa ilipigwa kwa pampu kutoka juu na kupita katika mpira. Kazi kubwa zilifanyika kwa vazi hilo, lakini mpiga mbizi alikuwa kama mbuzi kambani. Ilipofika mwaka 1943, katikati ya vita, Wafaransa wawili walimfungua kamba. Émile Gagnan alikuwa na kifaa alichokitengeneza kwa ajili ya motokaa zilizotumia gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu. Yeye na Jacques-Yves Cousteau wakakigeuza kiwe kipumulio: hutoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi, nayo hutoka kwa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka.

Naam, hewa ikapatikana. Lakini adui wa tatu alikuwa amejificha katika kupanda juu. Katika miaka ya 1870, wajenzi wa daraja la Brooklyn kule New York walifanya kazi chini ya mto, ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya mgandamizo. Wengi walipotoka waliumwa viungo, wengine wakapooza, na wengine wakafa. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, aliugua vibaya mwaka 1872. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza sababu: naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa mapovu mtu anapopanda upesi, kama soda inavyotoa mapovu ikifunguliwa kwa ghafla. Kisha mwaka 1908 Mskoti J. S. Haldane na wenzake, baada ya kuwapima mbuzi, walitoa majedwali ya kupanda kwa vituo. Siku hizi kompyuta ndogo ya mkononi hufanya hesabu ya namna hiyo.

Sasa, ndugu yetu wa Kipawa, sikia historia inavyokujibu. Kupata hewa ni nusu tu ya salama. Usianze na mtungi. Mtungi ni mzito, hapana budi ukaguliwe na kupimwa kwa vipindi, na hewa yake lazima iwe safi. Moshi wa injini ukiingia katika mashine ya kujaza, hewa hiyo yaweza kuua. Kwa hiyo kodi mtungi kwa watu wenye mashine nzuri. Kipumulio nacho hutaka fundi wa kukitengeneza mara kwa mara; kikodi mpaka uwe na fedha za kukinunua na za kukitunza pia.

Anza na kile kinachotegemea umbo lako. Kwanza miwani. Iweke usoni bila kufunga mkanda, uvute hewa kwa pua. Ikishika bila kuanguka, ni yako; ikianguka, iache hata kama ni ya bei kubwa. Pili mapezi ya miguuni yasiyobana wala kupwaya, na mrija wa kupumulia. Tatu, fedha zikiruhusu, nunua kompyuta kabla ya mtungi, kwa maana hiyo hukumbuka mbizi zako, na ya kuazima haizijui zile ulizopiga jana. Nguo nene huna haja nayo: bahari yetu ina joto, na nguo nyembamba ya kukukinga na michubuko ya matumbawe yatosha.

Jambo la mwisho. Kipawa ni jirani ya uwanja wa ndege. Aliyepiga mbizi Mbudya au Bongoyo asipande ndege siku hiyo hiyo, kwa kuwa angani mgandamizo hupungua, na mapovu yale yale ya Brooklyn yaweza kumrudia. Ni afadhali angoje saa 24.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:
1. Kwa nini miwani ya mbizi hufunika pua?
2. Wajenzi wa Brooklyn walikuwa na hewa ya kutosha. Ni nini basi kilichowaua?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka wiki ijayo.