Laini Mbili Katika Simu Moja: Maamuzi ya Kampuni za Simu Yalivyofika Lembeni, 2000–2019

Historia ya simu ya mkononi nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kutoka upande wa mitandao. Msomaji huelezwa kwamba Mobitel ilianza katikati ya miaka ya 1990, Vodacom ikafuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Kisha huhesabiwa minara na wateja. Kifaa chenyewe, yaani simu iliyo mkononi mwa mteja, huchukuliwa kuwa kitu kilichokuja tu, mithili ya mvua. Makala haya yanakitazama kifaa hicho, na hususan uamuzi wa kukipa nafasi ya laini mbili, kutokea Lembeni.

Lembeni ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hii. Iko uwandani, magharibi ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na ya reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Kampuni za simu kwa kawaida zilitangulia kujenga minara kwenye barabara kuu, ambako wasafiri ni wengi, na zilichelewa kuingia mabondeni na nyuma ya vilele. Mawimbi ya simu huzuiwa na miamba. Mtu anayeshinda uwandani na kupanda milimani kwa shughuli za ukoo au biashara hupita, kwa siku moja, mahali penye mtandao huu na mahali penye mtandao ule. Kwa mtu huyo, laini ya pili haikuwa anasa.

Jiografia peke yake, hata hivyo, haitoshi kuwa maelezo, kwani laini mbili zilienea hata Kariakoo, ambako minara imesongamana. Sababu nzito zaidi ilikuwa bei. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulimgharimu mteja zaidi kuliko kupiga ndani ya mtandao uleule, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na ada ambayo mtandao unaopiga huulipa mtandao unaopokea. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2013 ada hiyo ilikuwa shilingi 112 kwa dakika, kabla Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) haijaishusha hadi shilingi 34.92. Wateja walijibu kwa njia yao: walimiliki laini kadhaa, wakawa wanafungua mfuniko, wanatoa betri na kubadilisha kadi kwa kucha. Soko la laini mbili, kwa maana hiyo, lilikuwepo kabla ya simu ya laini mbili.

Swali la kihistoria ni kwa nini Nokia, iliyotawala soko hilo, haikulijibu mapema. Haiwezi kudaiwa kwamba haikuwajua wateja wake. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, ilikuwa na tochi na vitufe vilivyokingwa dhidi ya vumbi. Watafiti wa kampuni hiyo walifika Uganda kuchunguza jinsi simu moja inavyotumiwa na watu wengi, na Nokia 1200 ya mwaka 2007 ikatoka na vitabu kadhaa vya namba katika simu moja pamoja na namna ya kupima muda wa kila anayepiga. Kampuni iliyoweza kuona kwamba watu watano wanashirikiana simu moja isingeshindwa kuona kwamba mtu mmoja ana laini tatu.

Kikwazo kinaonekana kuwa mahali pengine. Katika masoko yake ya Ulaya, Nokia iliuza simu nyingi kupitia kampuni za mitandao, na hakuna mtandao unaopenda kumuuzia mteja wake simu yenye nafasi ya mshindani. Aidha, simu zake zilitegemea chipu zilizobuniwa kwa ajili yake, nyingi kutoka Texas Instruments. Kubadili msingi huo hakukuwa kazi ya msimu mmoja. Simu zake za laini mbili, C1-00 na C2-00, zilitangazwa Juni 2010. Na hata hapo, C1-00 iliwasha laini moja tu kwa wakati mmoja. Ilimwondolea mteja taabu ya kutumia kucha, lakini si taabu ya kukosa simu iliyopigwa kwenye laini iliyolala.

Wakati huo uamuzi mwingine ulikuwa umekwisha kufanyika Taiwan. MediaTek, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kujulikana kwanza kwa chipu za viendeshi vya diski, iliingia katika chipu za simu katikati ya muongo wa 2000 ikiwa na bidhaa ya namna ya pekee: haikuuza chipu tupu, bali chipu pamoja na mchoro wa simu nzima na programu yake. Karakana ndogo ya Shenzhen iliweza kununua kifurushi hicho na kutoa simu bila kuwa na jeshi la wahandisi.

Ufundi wa laini mbili nao haukuhitaji redio mbili. Simu isiyo katika mazungumzo haisikilizi mnara muda wote. Huamka kwa vipindi, husikiliza kama inaitwa, kisha hulala tena. Redio moja inaweza basi kugawa vipindi vyake kati ya mitandao miwili. Gharama yake hujulikana kwa kila mtumiaji: anapozungumza kwa laini ya kwanza, ya pili huwa haipatikani. Ni upungufu ambao kampuni iliyojali sana jina lake ingeona haya kuuza. Mteja wa shilingi chache hakuuona kuwa upungufu.

Tecno, iliyoanzishwa mwaka 2006 na baadaye kuunganishwa na Itel na Infinix chini ya Transsion, ilileta Afrika simu yake ya laini mbili mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaelekeza nguvu zake zote barani. Waandishi wengi humpa sifa zote mwanzilishi wake, Zhu Zhaojiang, kana kwamba aliona kisichoonekana. Makala haya hayaafikiani na mtazamo huo. Kilichokuwa kinyume na kawaida kilikuwa utayari wa kuuza kwa faida ndogo kwa watu ambao wengine waliwahesabu kuwa soko la mabaki.

Urahisi huo wa kutengeneza simu ulikuwa na upande wa pili. Karakana zilezile zilitoa simu bandia zenye namba za utambulisho zisizo halali, na Juni 2016 TCRA ilizifungia zisitumike nchini. Hasara ilimwangukia mnunuzi wa mwisho, ambaye mara nyingi hakuwa na namna ya kutambua bandia wakati wa kununua.

Ada ya kuunganisha mitandao iliendelea kushuka, ikafika shilingi 15.60 mwaka 2018. Na tangu Machi 2017 mteja aliweza kuhama mtandao akiwa na namba yake. Kama bei ingekuwa sababu pekee, laini ya pili ingeanza kutoweka. Haikutoweka, kwa kuwa tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 laini imekuwa pia mkoba wa fedha, na mkoba hauachwi kwa sababu nauli ya maneno imeshuka.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilitoa simu ya vitufe yenye intaneti ikaiita Smart Kitochi. Jina hilo halikubuniwa na kampuni: watu walikuwa wakiita simu ndogo za aina hiyo “kitochi” miaka mingi kabla, kwa ile taa yake ya kichwani.