Nyota ya Mdomo wa Samaki na sayari iliyotoweka

Ukisikia wanafalaki wa Ulaya wakitaja Fomalhaut, jua hicho ni Kiarabu: Fam al-Hut, mdomo wa samaki. Neno hut ndilo lile la kisa cha Nabii Yunus (A.S.).

Mwanga wa nyota hii hutufikia kwa miaka 25. Ni mkali mno, hivyo mwaka 2004 darubini ya Hubble iliuziba, kama unavyokinga jua kwa kiganja, ikaona pete kubwa ya vumbi. Picha ya 2006 ikaonyesha nukta iliyosogea. Mwaka 2008 Paul Kalas na wenzake wakatangaza: sayari! Ikapewa hata jina, Dagon. (Nami niliisambaza picha ile, nikiapa ni sayari. Leo najirudi.)

Lakini darubini zinazopima joto hazikuiona. Picha za 2014, haipo. Mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke wakaeleza: yaelekea haikuwa sayari kamwe, bali wingu la vumbi la magimba mawili ya barafu yaliyogongana, likatawanyika hadi likafifia. Ushahidi wao ulikuwa picha zilezile za Hubble, zikitazamwa upya.

Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikaona mikanda mitatu ya vumbi. Sayari bado inatafutwa.