Maktaba ya Umma, Umma Upi?

Neno maktaba lina mzizi mmoja na kitabu na katibu. Hakuna katika mzizi huo dalili yoyote ya rangi ya msomaji. Ndiyo maana historia ya maktaba ya McMillan jijini Nairobi hunifanya niuulize upya umma tunaoutaja: ni umma upi?

William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, alikuwa mlowezi nchini Kenya. Alipofariki mwaka 1925, mjane wake, Lucie, aliazimia kumwekea kumbukumbu ya vitabu. Shirika la Carnegie likachangia gharama, na mwaka 1931 likafunguliwa jengo la nguzo nene, simba wa mawe wakilinda ngazi zake. Walioruhusiwa kusoma humo ni Wazungu peke yao. Mwafrika hakufunguliwa mlango hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji.

Miaka 27 si michache. Tena, mwaka mmoja tu kabla ya ufunguzi huo, ilikuwa imeundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, isanifishe Kiswahili cha vitabu vya shule. Hivyo Mwafrika alitayarishiwa kitabu cha kusomea darasani, huku akinyimwa kiti katika chumba cha kusomea mjini.

Je, ushairi wetu ulihifadhiwa wapi zama hizo? Ulikaa vifuani mwa watu na katika miswada ya hati za Kiarabu majumbani. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilidumu hivyo, hata Mwalimu Sikujua akamsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Miswada hiyo ikaishia London, na diwani yake ilipochapishwa mwaka 1940, ilichapishwa Johannesburg. Sauti ya Mombasa ilirudi kwetu kwa safari ndefu.

Sisemi haya ili kulaumu mawe. Leo mlango u wazi, na lawama ya kesho itatuangukia sisi. Kifua hufa na mwenye nacho, na mchwa hawabagui karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi aliye na daftari la tungo za babu yake sandukuni na alitoe, linakiliwe, liwekwe mahali ambapo mtoto wa yeyote ataweza kulisoma.