SKIMU: neno moja, historia mbili

1/ Kila msimu wa siasa, Kanduyi ikifurika watu, lazima mtu ashike maiki aseme "tutamaliza mambo ya skimu". Wengine wanapiga makofi, wengine wananuna. Neno ni lile lile. Nieleze sababu, bila kutaja mwanasiasa wala chama.

2/ Asili ni Kiingereza, scheme. Kwa Mwingereza ni mpango tu, hasa wa serikali. Kwa Mmarekani, mara nyingi linanuka njama. Sisi tulilipata kwa Mwingereza. Ndiyo maana mwalimu anaandika skimu kabla muhula uanze, mfanyakazi anakatwa pesa za skimu ya pensheni, na Mwea wanalima mpunga kwa skimu.

3/ Lakini huku Bungoma na Kitale, ukisikia "alihamia skimu", hiyo ni shamba. Kuanzia 1962, Mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa. Nchi nzima, familia kama 35,000 zilipata makao. Naitiri, Tongaren na Ndalu ni za historia hiyo.

4/ Sasa naona komenti: "Nyinyi mlipewa bure." Hapana! Mlowezi alilipwa, na aliyepata shamba akabeba mkopo wa miaka 30. Hati haikutoka kabla deni kuisha. Wapo wazee waliozikwa deni likibaki, watoto wakaendelea nalo. Kwao skimu ni jasho.

5/ Panda Mlima Elgon. Chepyuk nayo ni skimu, ya 1971, ya watu walioshushwa kutoka Chepkitale. Huko ardhi ilikatwa kutoka msituni. Ugawaji ulifanywa ukarudiwa, orodha zikazua ugomvi. Kufikia awamu ya tatu, 2006, bunduki zikalia. Mamia waliuawa, na Machi 2008 jeshi likaingia. Kwa wengi huko, skimu ni jina lako kukosekana kwenye orodha. Wao wanaisikia kama Mmarekani.

6/ Kwa hivyo mtu akiahidi skimu mpya, msikimbilie makofi. Muulizeni: ardhi inatoka wapi? Nani analipa? Orodha anaandika nani, na itabandikwa wapi tuione? Na aliye juu ya hiyo ardhi leo ataenda wapi?

7/ Kama babu yako alilipa deni la skimu, andika hapa chini: lilikwisha mwaka gani, na hati mnayo?